Nani Atamjibu Msomaji? Hotuba Kuhusu Magazeti ya Mikoani Yaliyokoma

(Maneno haya niliyatoa mbele ya mkutano wa wasomaji, walimu na waandishi wa habari hapa Tanga. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, walimu, waandishi wa habari, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya magazeti ya mikoani na ya miji yetu yaliyokoma kuchapishwa. Mwenzangu mmoja aliposikia hivyo aliniuliza kwa nini watu waache shughuli zao za Jumamosi waje kusikiliza tanzia. Swali lake ni la haki. Habari tunazo, tena nyingi kuliko walizopata kuwa nazo wazee wetu; mtu aliyeko Pongwe anajua kilichotokea Washington kabla chai yake haijapoa. Basi tumepoteza nini hasa?

Nitasema mapema ninaloliamini, ili atakaye kubishana nami aanze kujiandaa. Tulichopoteza si habari. Tulichopoteza ni mahali ambapo mtu asiye na cheo aliweza kuandika maneno yake, akaweka chini yake jina lake na jina la mji wake, yakachapwa, yakasomwa na jirani zake, na yakajibiwa. Narudia, ndugu zangu: yakajibiwa.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Ni wangapi humu ndani wanajua kwamba mji huu ulikuwa na gazeti la Kiswahili kabla Dar es Salaam haijawa na Mambo Leo, na miaka kama hamsini kabla TANU haijazaliwa? Naona mikono mitatu, na miwili ni ya walimu wa historia. Hata hilo la Tanga halikuwa la kwanza. Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walianza kutoa Msimulizi pale Kiungani, Unguja, likibeba habari za wanafunzi wao waliotawanyika Magila, Masasi na Nyasa. Miaka ya 1890 wamisionari hao hao wakatoa Habari za Mwezi kule Magila, ambako leo ni wilaya ya Muheza, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo. Kisha likaja Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga, likitoka kila mwezi.

Sitaki tujidanganye juu ya Kiongozi. Lilikuwa gazeti la mtawala. Wajerumani walihitaji makarani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo waliowawakilisha vijijini, wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na gazeti lilikuwa chombo cha kazi hiyo. Walowezi wao walikuwa na lao la Kijerumani, Usambara-Post, lililochapwa katika mji huu huu, na haikuwapitikia kwamba wasomaji wa magazeti hayo mawili wangekuwa na la kuambiana. Lakini angalieni ni nani waliolijaza Kiongozi. Ni walimu na makarani wa Kiafrika waliopelekwa kazini huku na huko katika koloni, wakaandika kutoka walipo: mvua imenyesha au haikunyesha, mavuno yamekuwaje, nani amepita safarini, nani amefariki. Mwalimu aliyekuwa bara, mwezi mzima mbali na pwani, alijiona yuko mjini kwa sababu maandishi yake yamesomwa mjini. Chombo kilikuwa cha mtawala, na hata hivyo watu walikikalia wakazungumza wao kwa wao. Waingereza walipoitwaa Tanga mwaka 1916, Kiongozi likakoma, na mazungumzo yale yakakatikia njiani.

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza ikaanzisha Mambo Leo, Dar es Salaam. Hilo lilikuwa la nchi nzima, si la mkoa, lakini nalitaja kwa sababu ya jambo moja linalotuhusu sisi wa Tanga. Karani mmoja wa forodha, mzaliwa wa hapa kwetu Machui, alikuwa akipeleka mashairi yake huko. Jina lake ni Shaaban Robert. Kabla hajawa mtu wa vitabu vya shuleni, alikuwa msomaji mmoja miongoni mwa wasomaji, akituma tungo zake kwa posta kama walivyotuma wengine wengi ambao majina yao hatuyajui tena. Tujiulize: lau karani yule angezaliwa leo, angeanzia wapi? Simwulizii mahali pa kujitangaza, maana hapo pamejaa tele. Namwulizia mahali ambapo mhariri angelisoma shairi lake, akalikataa moja kwa sababu mizani haikutimia, akalipokea la pili, kisha mwezi uliofuata mshairi wa Ujiji au wa Lindi akalijibu kwa vina vile vile.

Kujibizana huko ndiko kulikuwa uhai wa magazeti ya Kiswahili. Katika ukurasa wa mashairi mtu aliuliza fumbo, mwingine akalifumbua, wa tatu akamsuta aliyefumbua. Wapo walioujua ukurasa huo kuliko ukurasa wa kwanza, na baba yangu alikuwa mmoja wao: alilianza gazeti kwa mashairi, akaenda kwenye barua, na habari za serikali akazisoma mwisho, tena kama muda ulibaki.

Hata gazeti la dini lilikuwa na sura hiyo. Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na ukurasa mdogo ulioitwa Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Aliandika juu ya elimu, juu ya mila, juu ya Waislamu wa pwani waliokuwa wakiachwa nyuma, na aliwaambia watu wake maneno makali ambayo mgeni asingethubutu kuyasema. Halikuwa gazeti la kudumu; halikuishi miaka mingi. Lakini aliyeyasema hayo aliyasema mjini kwake, kwa watu waliomjua, waliosali naye, ambao wangeweza kumsimamisha njiani wakamwambia, “Sheikh, hili hapana.”

Nitawapa na mfano wangu mwenyewe, maana nimeifanya kazi hii ujanani. Nilikuwa mwandishi wa mkoa, yule asiye na mshahara, anayelipwa kwa inchi. Vijana wa leo hawalijui jambo hili, kwa hiyo nieleze. Uliandika habari yako kwa mkono au kwa taipu ya kuazima, ukaitia kwenye bahasha, ukaenda stendi alfajiri ukampa utingo wa basi la Dar es Salaam pamoja na chochote cha kumkumbusha. Gazeti likitoka, ulikata habari yako kwa mkasi, ukaibandika kwenye karatasi, ukaweka rula pembeni ukapima: inchi nne, inchi sita na nusu. Karatasi hiyo ndiyo ankara yako. Mhariri akikukata aya mbili, amekukata na mboga ya usiku.

Basi siku hizo kulikuwa na mzozo juu ya kivuko kimoja. Mkubwa mmoja wa idara alisema, na gazeti likachapa, kwamba kivuko kinafanya kazi kila siku. Mfanyabiashara mmoja wa nazi akaleta barua. Hakutukana. Aliandika tarehe moja baada ya nyingine alizolala ng’ambo na mizigo yake, akataja siku ile nazi zilipoanza kuota, akaweka jina lake kamili na kijiji chake. Barua ikachapwa. Mkubwa yule akajibu, kwa sababu asingeweza kunyamaza: wakubwa wake nao walisoma gazeti lile lile. Mfanyabiashara akajibu jibu. Mwezi mzima watu walikuwa wakinunua gazeti kwa ajili ya nazi zile! Mwishowe ratiba ya kivuko ikabandikwa pande zote mbili za mto, ikiwa na sahihi. Kivuko hakikuacha kuharibika, la hasha. Lakini kilipoharibika, palikuwa na maandishi ya kumwonyesha mtu.

Sasa, ndugu zangu, magazeti hufaje?

Mengine huuawa. Hili hatuna haja ya kulizungukazunguka. Kule Kenya, Henry Muoria alikuwa mfanyakazi wa reli, gadi wa treni. Mwaka 1945 akaanzisha Mumenyereri kwa Kikikuyu, akaliendesha mpaka likawa miongoni mwa magazeti ya Waafrika yaliyosomwa sana nchini humo. Mwaka 1952 alikwenda London. Akiwa huko, mwezi wa Oktoba, serikali ikatangaza hali ya hatari, na gazeti lake likapigwa marufuku pamoja na mengine mengi ya lugha za wenyeji. Hakuweza kurudi kuendelea na kazi yake. Mnajua alifanya kazi gani London? Alikuwa gadi wa treni, safari hii za chini ya ardhi. Alifariki mwaka 1997. Wasomaji wake walibaki na nakala walizokuwa nazo, kwa wale waliothubutu kuziweka nyumbani wakati askari wanapekua.

Zanzibar kabla ya Mapinduzi kulikuwa na magazeti mengi kuliko ambavyo mtu angetarajia visiwani: Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu, Adal Insaf, Samachar, Zanews na mengineyo. Baada ya Januari 1964, kelele zote zile zikanyamazishwa, ikabaki sauti ya serikali kupitia Kweupe. Ilipita miaka mingi mpaka Dira lilipotoka mwishoni mwa mwaka 2002, mhariri wake akiwa Ali Nabwa, na kabla mwaka 2003 haujaisha likafungiwa.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wako wazee humu waliokuwa Unguja miaka ile na hawatanisamehe nikiruka. Magazeti ya zama zile za siasa hayakuwa malaika. Baadhi yake yalitukana watu kwa asili zao, wiki baada ya wiki, na mnamo Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Sisemi gazeti ndilo lililoshika panga. Nasema kuwa kujibizana kunaweza kugeuka kutukanana, na mhariri anayeacha tusi lipite kwa sababu linauza nakala ana sehemu yake katika lawama. Lakini je, dawa ilikuwa kuwafunga midomo wote, aliyetukana na aliyekuwa akiuliza bei ya mchele? Mimi nasema hapana.

Mengine hayauawi kwa amri. Hukatiwa pumzi kwa karatasi za kisheria. Mwaka 2002 Kenya iliipandisha dhamana anayotakiwa kuweka mchapishaji kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000. Kwa kampuni kubwa ya Nairobi hiyo ni pesa ya kulipa na kusahau. Lakini mwalimu mstaafu wa Lamu au wa Busia anayetaka kutoa kurasa nane kila mwezi, atauza nini? Kwetu Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta leseni ya gazeti inayohuishwa kila mwaka. Tumeona magazeti makubwa yakifungiwa, mengine yakinyang’anywa leseni, na mwaka 2022 manne, MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yakarudishiwa. Gazeti la Dar es Salaam likifungiwa, mabalozi hutoa tamko. La wilayani hakuna hata anayejua kwamba lilikuwapo.

Na mengine, nadhani ndiyo mengi zaidi, hufa yenyewe kwa sababu yalikuwa na mguu mmoja. Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam, mzaliwa wa Uganda, alianzisha Kwetu mwaka 1937, gazeti la Mwafrika mwenyewe, bila misheni wala serikali nyuma yake. Mguu wa gazeti lile ulikuwa Fiah. Lilifika mwaka 1951 likakoma. Ngurumo, lililoanza mwaka 1959 katika kiwanda cha chapa cha Randhir Thaker, lilipendwa na watu wa kawaida kwa Kiswahili chake cha mtaani na bei yake ndogo. Lakini mitambo ilizeeka, na mshindani wake, Uhuru, alikuwa na chama kizima mgongoni. Mwaka 1976 likafunga. Komkya la Moshi lilikuwa la Baraza la Wachagga, na gazeti la baraza haliwezi kuishi baraza likivunjwa. Mwanza, mwaka 1974, lilianzishwa Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya watu wazima wa Kanda ya Ziwa waliotoka kujifunza kusoma, kwa msaada wa UNESCO na Norway. Wazo zuri kabisa: usimfundishe mtu kusoma kisha ukamwacha bila cha kusoma. Lakini gazeti lililosimama kwa msaada huwa na siku ya mwisho ambayo wasomaji wake hawaijui, ila imeandikwa kwenye faili la mfadhili.

Naona kijana pale anacheka na simu yake mkononi. Najua unachotaka kusema, mwanangu: “Mzee, hayo yote tunayo humu.” Sawa, tuzungumze juu ya hiyo simu. Mtaani kwenu mna kundi la WhatsApp? Mnalo. Mnaambiana maji yamekatika, mnaambiana msiba? Mnaambiana, na kwa kasi ambayo Kiongozi lisingeiota. Mimi mwenyewe nimo katika makundi zaidi ya ninayoyataka. Lakini niambie: taarifa ile iliyoandikwa juu yake kwamba imetumwa mara nyingi, ni nani aliyeiandika? Akiulizwa, atatoka mbele ajibu? Na mkubwa wa idara ya kivuko, yumo katika kundi lenu? Na wewe ukibadilisha simu mwakani, mazungumzo ya mwaka huu utayatoa wapi? Barua ya mfanyabiashara wa nazi ninayo mpaka leo nyumbani, ina tarehe, ina jina, na nyuma yake kuna tangazo la fundi cherehani. Ujumbe nilioupokea mwezi uliopita kuhusu barabara ya kwetu siupati tena.

Silaumu simu. Nasema hatujaijengea ule ukurasa wa barua, wala hatujamweka mtu wa kukaa hapo aulize: wewe ni nani, unaishi wapi, na unayemlaumu tumempa nafasi ya kujibu?

Nimalizie kwa jambo linalowezekana kabla jua halijazama, maana kufufua gazeti la mkoa kunahitaji pesa ambazo humu ndani hatuna, na sitaki tuondoke na maazimio ya kupendeza tu.

Makala za Sheikh Al-Amin tunazisoma leo kwa sababu mwaka 1944 zilikusanywa zikatolewa kitabu, Uwongozi. Gazeti lilikoma, maneno yalibaki kwa kuwa kuna mtu aliyekaa akayakusanya. Magazeti makubwa ya nchi zetu nayo yana bahati yake: Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, na kazi yake mojawapo ni kukusanya magazeti ya eneo hili. Lakini jarida la wilaya, la ushirika, la parokia, la chama cha wafanyakazi wa mkonge, lililochapwa nakala mia chache na kuuzwa sokoni, ni nani alilipeleka Nairobi? Yaliyobaki yako chini ya vitanda vyenu. Yako ndani ya masanduku ya marehemu, yametandikwa chini ya kanzu. Mengine yalikwisha kufungia maandazi, na hayo tumsamehe mwenye maandazi.

Kwa hiyo nawaomba mambo madogo. Ukilikuta gazeti la zamani, usilikunjue kwa nguvu. Karatasi ile huwa kavu, na hukatikia pale pale kwenye mkunjo. Usilibandike selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka rangi na kuyala maandishi. Usilipeleke kutiwa plastiki. Usikate habari unayoitaka ukatupa nyingine, hata kama ni picha ya babu yako. Mtu mwingine anaitafuta bei ya mkonge iliyo nyuma ya picha hiyo. Lilaze bapa, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na mchwa. Ukilipiga picha kwa simu, piga ukurasa mzima, pamoja na ule mstari mdogo wa chini kabisa wa ukurasa wa mwisho, unaosema limechapwa wapi na na nani. Wengi huuacha mstari huo, na mara nyingi ndio pekee unaotuambia ni kiwanda gani kilikuwa hai mwaka gani.

Na wazee wangu, kama mliwahi kuandika barua ikachapwa, au kujibu shairi, au kupanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha chapa, tuambieni. Tunataka kujua mlilipwaje, mhariri alikuwa mtu wa namna gani, karatasi ilitoka wapi, na siku gazeti lilipokoma mliambiwa nini.

Dada wa maktaba amekwisha fungua daftari pale mlangoni. Andikeni jina la gazeti, mwaka, na nyumba lilipo. Gazeti lenyewe bakini nalo; tutakuja sisi na kamera, na tutakuja kwa miadi, ili mwenye nyumba awepo. Ahsanteni sana, na sasa naona Mwenyekiti ana maswali mawili ameyashika tangu nilipotaja Zanzibar.